Uliza Nani Ana Mgonjwa

Laurent mwanangu,

Mambo ya nguo, nauli na mtu atakayekupokea Nyantakara tumeyamaliza mchana, na wewe si mtoto wa kukumbushwa kuchana nywele. Nimekaa kukuandikia kwa sababu ya swali uliloniuliza Jumapili, nami nikakujibu habari ya kuni.

Tulikuwa tunatoka kwa Mzee Gervas. Alikuwa ameshakupa kazi, ameshakuonyesha pikipiki utakayopanda, nawe ulikuwa unatembea mbele yangu kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ukasimama ukanisubiri. Ukaniuliza, "Mama, hivi Mzee Gervas alikuwa na kitu gani ambacho ninyi hamkuwa nacho? Si mlianza naye kazi pamoja?" Nikasema nyumbani kuni zimekwisha, tuharakishe. Uliona kwamba sitaki kujibu, ukaharakisha kwa adabu yako. Lakini swali lilikuwa la haki, na tangu siku ile nimekuwa nalo jikoni na kitandani. Kesho unakwenda kula mshahara wa mtu yule. Afadhali upate jibu langu kabla ya kusikia la kwake, maana la kwake ni zuri kuliko langu. Yeye atakuambia ni bidii. Hatakuwa anakudanganya. Bidii alikuwa nayo. Ila nami nilikuwa nayo, na baba yako alikuwa nayo kutuzidi sote wawili, na baba yako, seremala aliyetengeneza milango ya nusu ya kata hii, tulimzika kwenye jeneza la mbao za kukopa.

Ni kweli tulianza pamoja, mimi mhudumu wa zahanati, yeye mlinzi. Kazi yangu ilikuwa kupiga deki, kufua mashuka, kuchemsha vyombo na kumshikia muuguzi taa mama anapojifungua. Gervas alikaa getini na rungu, amevaa koti la mvua lililomfika kwenye vifundo vya miguu. Mshahara tulipokea kwenye dirisha moja, kwa mhasibu mmoja aliyekuja kutoka Ngara mjini. Wangu ulizidi wake kidogo. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Tulipoanza, mimi ndiye niliyekuwa juu, tena barua zake za kuomba likizo nilimwandikia mimi, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa haumpendezi mganga mkuu.

Watu wa Bugarama wana majibu yao. Wako wanaosema alikwenda kwa mganga upande wa Usukumani akapewa nyoka wa kufuga. Wako wanaosema ni ubahili, kwamba anakula mihogo mikavu na ghala limejaa mchele. Mimi nimekula kwake, anakula vizuri kabisa. Katekista husema Mungu humpa amtakaye, na hapo sina cha kubishana. Kuna mwaka alikuja kijana mmoja mwenye tai kutufundisha sisi watumishi habari za akiba. Akatuambia tuandike kwenye karatasi matumizi yote yasiyo ya lazima, halafu tuyafute moja moja, na kinachobaki ndiyo akiba. Nikaandika dawa ya mama. Nikaandika daftari za watoto wa kaka yangu, nikaandika mchango wa msiba. Akapita nyuma yangu, akasoma, akaenda kumwangalia mwingine.

Maana siku ya mshahara mimi nilikuwa na watu. Walikuwa wanakaa kwenye nyasi nje ya uzio tangu asubuhi, hawasumbui, wananisalimia tu nikipita na ndoo. Bibi yako alikuwa akitoka Ntobeye kwa miguu. Kaka yangu mkubwa alikuwa akimtuma mwanae. Usinielewe vibaya, silalamiki. Bibi yako aliuza mbuzi wake wote nikasoma hadi darasa la saba, na kaka yangu aliacha shule ili mimi niendelee. Walikuwa wanakuja kuchukua chao. Jua linapozama mshahara ulikuwa umeshagawanyika, nami nilirudi nyumbani na sukari, sabuni na chumvi, na kesho yake nilianza kukopa dukani kwa hesabu ya mwezi unaofuata. Niliishi hivyo tangu nikiwa msichana hadi nilipostaafu. Kila tundu lililomeza mshahara wangu lilikuwa na jina la mtu.

Gervas hakuwa na mtu nje ya uzio. Wazazi wake walikufa angali mdogo, hakuwa na kaka wala dada, na mjomba aliyemlea alikwishahamia mbali. Sisi watumishi wenzake tulikuwa tunamwonea huruma. Sikukuu ya Krismasi nilikuwa nampelekea chakula kwenye kibanda chake cha getini kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Hata siku moja haikunijia akilini kwamba kile tulichokuwa tunamwonea huruma ndicho kitakachomwinua.

Alianza na maharage. Wewe umekulia hapa, unajua yanapovunwa kila nyumba inauza kwa haraka, kwa sababu kila nyumba ina deni linalosubiri mavuno. Siku hizo debe la maharage halina thamani. Gervas akanunua, akayapanga kwenye kile kibanda mpaka akawa analala ameyaegemea. Wakati wa kupanda ulipofika, wale wale waliomuuzia walirudi kununua mbegu kwake, na bei ilikuwa imeshakuwa nyingine kabisa. Hakuna ujanja aliofanya. Hakumwibia mtu, hakupunja mizani. Alisubiri tu, basi. Mimi pia nilijua bei itapanda. Baba yako alijua, bibi yako asiyejua kusoma alijua. Kujua hakukutusaidia, kwa sababu homa ya mtoto haikusubiri bei ipande.

Baadaye akaacha ulinzi akaingia kwenye kahawa, na huko ndiko nilikomfuata. Hii ndiyo sehemu ambayo sikutaka kuizungumza barabarani.

Ulikuwa mdogo, bado hujaanza shule. Sisi wanawake wa zahanati tulikuwa na upatu, na mwaka ule zamu yangu iliangukia mwezi wa kumi na moja, katikati ya miezi ya njaa, wakati kilichopandwa kiko ardhini na kilichovunwa kimekwisha. Ajabu ni kwamba nyumbani hakukuwa na tatizo. Wewe mzima, baba yako ana kazi ya madawati ya shule, bibi yako amepumzika kidogo na kifua chake. Nilishika pesa ile nikaona mikono yangu haijui pa kuipeleka. Nikamwendea Gervas kumuuliza kama niipeleke benki.

Alicheka, lakini si kwa dharau. Akaniambia, "Dada Sesilia, pesa ya mwezi huu haiendi benki. Pita vijijini. Uliza nani ana mgonjwa."

Nilielewa mara moja, na hata wewe nadhani umeshaelewa. Mtu mwenye mgonjwa anauza kahawa ikingali maua. Butura, tunaita hapa kwetu. Unamlipa leo pesa kidogo, naye anakuachia mavuno ya mwaka mzima yakiwa bado mtini. Serikali inakataza, kila mwaka wanakuja kukataza, na kila mwaka inafanyika, kwa sababu anayekataza hamletei mtu nauli ya hospitali.

Lakini mimi sikuwa na haja ya kupita vijijini kuuliza. Nilikuwa nafanya kazi zahanati. Nilijua nani ana mgonjwa kabla majirani hawajajua.

Wiki ile Venansia alimleta bintiye Editha. Unamjua Mama Editha, lakini wakati ule alikuwa mwanamke mwingine, mjane kijana, ana shamba zuri la kahawa aliloachiwa na mumewe, limeshuka mpaka mtoni. Mtoto alikuwa na malaria iliyommaliza damu, viganja vyeupe kama karatasi. Muuguzi akamwambia ampeleke hospitali ya wilaya siku ile ile, hapa damu haipo. Mimi nilikuwa napiga deki kwenye korido. Nikamwona Venansia anatoka nje, anasimama, anarudi ndani, anatoka tena. Hakuwa na nauli ya gari wala mtu wa kumkopesha.

Nikaweka dekio chini nikamfuata. Nilikuwa na pesa nyumbani, Laurent. Ningeweza kumpa nusu yake kama mkopo, angenirudishia polepole. Nilifikiri hivyo, ni kweli nilifikiri. Halafu nikasikia sauti yangu inamwuliza kwa upole, kama ninavyowauliza wagonjwa kama wamekula, "Venansia, kahawa yako ya mwaka huu umeshaiahidi kwa mtu?"

Akanitazama. Akasema bado. Akanishika mikono miwili, akaanza kulia na kunishukuru.

Mtoto aliongezwa damu, akapona. Kahawa ilipoiva nilikwenda na magunia yangu. Venansia na wanae wakaichuma pamoja nami, kwenye shamba lao, kahawa isiyo yao, na mchana akatupikia ndizi na maharage, akawaambia wanawe wanisalimie vizuri maana bila mimi Editha asingekuwepo. Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililonisumbua na linalonisumbua hadi leo, kwamba ilikuwa kweli. Nilipouza nilipata mara nyingi ya nilichotoa. Haya mabati uliyokulia chini yake ni kahawa ya Venansia.

Mwaka uliofuata sikumfuata, alikuja mwenyewe. Hakuwa na mgonjwa. Alikuwa na njaa tu, kwa sababu kahawa ya mwaka uliopita nilikuwa nayo mimi. Akauza tena maua. Mwaka wa tatu pia. Mtu akishauza mara moja anakuwa nyuma kwa mwaka mmoja, na mwaka huo haurudi, kila mavuno yanamkuta ameshayala. Niliona jambo hilo kwa macho yangu, nikijua mimi ndiye ninayelifanya, na nilikuwa nikienda kanisani na kitenge kipya. Baba yako hakupenda. Aliniambia mara moja tu, huku anapiga randa, hakuinua hata kichwa, kwamba anachokiona ni mimi ninamkata yule mama vipande vidogo vidogo ili asisikie maumivu. Nikamjibu kwamba yeye anatengeneza madawati analipwa baada ya miezi sita, aniache. Hakurudia tena.

Nakueleza haya ili ujue kwamba nilikaribia. Nilikuwa kwenye njia ile ile ya Gervas, hatua chache nyuma yake. Venansia alipofikia kuuza shamba lenyewe, nusu ya chini, mimi ndiye aliyenijia kwanza. Ningelinunua. Sitakudanganya kwamba dhamiri ilinizuia, au kwamba maneno ya baba yako yaliniingia. Nilikuwa nimeshakwenda kulitazama, nimeshapiga hatua za mipaka.

Kisha baba yako akaanza kuvimba miguu.

Ulikuwa umeanza sekondari, mengine unayajua. Figo. Mwanza mara ya kwanza, Mwanza mara ya pili, kulala kwenye mikeka nje ya wodi, dawa zisizokuwepo dirishani na zilizopo dukani ng'ambo ya barabara. Pesa ya kahawa yote iliingia mle kama maji kwenye mchanga. Shamba la Venansia likanunuliwa na Gervas. Wala hakuninyang'anya; alinitumia mtu kuniuliza kwanza kama bado nalitaka.

Na mwaka ule ule mke wa Gervas naye aliugua. Hili labda hukulijua. Tulikutana Mwanza kwenye korido, mimi nimeshika chupa ya chai, yeye ameshika bahasha ya picha za eksirei. Tukakaa kwenye benchi kama zamani tulivyokaa getini. Alininunulia mkate. Akaniambia kwamba ugonjwa wa mke wake umekula faida ya ghala moja zima, na alikuwa anasikitika kweli, sauti yake ilikuwa nzito. Nami nilimsikitikia. Baadaye, usiku, nimelala kwenye mkeka, ndipo maneno yale yalipogeuka kichwani mwangu. Faida ya ghala moja. Maghala mengine yalikuwa yanaendelea kufanya kazi wakati yeye amekaa pale na mimi. Mimi nilikuwa nimekaa pale, nawe umerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada.

Sisemi baba yako angepona kama tungekuwa matajiri. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa umekomaa. Ninachosema ni kwamba Gervas na mimi tulipigwa na fimbo moja, mwaka mmoja. Yeye ilimkuta ameshavuka, mimi ilinikuta katikati ya mto. Kama ingempiga yeye miaka ile ya maharage kibandani, leo angekuwa mlinzi mstaafu. Kama ingechelewa miaka mitatu kunipiga mimi, leo wewe ungekuwa mtoto wa Mama Laurent mwenye maghala, na watu wangekuwa wanasema nilikwenda kwa mganga. Hilo ndilo jibu langu. Nimelitafuta lingine bora zaidi sikulipata.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule Gervas alikuja hapa nyumbani. Baba yako alikuwa ndani, hawezi tena kukaa. Gervas akavua kofia, akamsalimia, akatoka nje akasimama na mimi karibu na kahawa yetu. Akaniuliza kwa upole, "Mama Laurent, kahawa yako ya mwaka huu umeshaiahidi kwa mtu?"

Nilimshika mikono miwili, Laurent. Nikamshukuru, na shukrani ile ilitoka moyoni kabisa. Ndipo nikajua Venansia naye hakuwa anaigiza.

Shamba letu la bondeni nalo likafuata kwa Gervas, unajua. Baada ya msiba nilibaki na mshahara na miti hii michache ya mbele ya nyumba.

Usidhani sikujaribu kitu kingine. Baada ya baba yako nilikaa na wanawake wa jumuiya yetu, tukasema tuweke pesa kidogo kidogo wakati wa mavuno ili miezi ya njaa mwenye mgonjwa akope kwetu, asiuze maua. Venansia alikuwemo. Mwaka wa kwanza tulifanikiwa, hata Gervas alilalamika kwamba Bugarama biashara imekuwa ngumu, nasi tukacheka sana. Mwaka wa pili mvua zilikatika mapema. Wote tukaja kukopa mwezi mmoja. Upatu unakwenda kwa zamu, mwanangu, njaa haiendi kwa zamu. Sanduku likaisha kabla nusu yetu hatujafikiwa, waliokosa wakawachukia waliopata, na hakuna aliyekuwa na cha kurudisha. Kikundi kikafa. Nilikuwa mwenyekiti.

Sasa wewe. Umekaa hapa nyumbani tangu umalize chuo, na maombi ya kazi uliyoyapeleka nimeacha kuyauliza kwa sababu naona uso wako. Gervas alipotuma ujumbe nilifurahi, usifikiri sikufurahi. Utakuwa na ghala la mahindi Nyantakara, halafu miezi kama hii atakuleta huku Ngara kwenye kahawa, na utapanda pikipiki na mkoba wa pesa kifuani. Atakufundisha kazi vizuri, hana roho mbaya. Na siku moja atakuambia yale maneno aliyoniambia mimi.

Siwezi kukuambia usiende. Nina nini cha kukupa badala yake? Ukikataa, atapanda kijana mwingine, na maua yatauzwa vile vile. Wala siwezi kukuambia uwe mnunuzi mwenye huruma, ulipe bei nzuri zaidi. Pesa si zako, na utakayemzidishia leo utamkuta mwakani pale pale, naye ataona haya kukutazama. Nimeyafikiria haya miaka mingi wakati nafua mashuka, na kila njia niliyoifuata ilinirudisha palepale. Labda wewe uliyesoma utaona ambacho sikukiona. Sikukusomesha kwa ajili hiyo, lakini labda.

Kuna jambo moja tu nitakalokuomba, na najua hutalipenda. Ukiweza kuweka chochote pembeni, usinitumie. Mwaka huu usinitumie, na mwakani usinitumie. Ukisikia naumwa, usiuze ulichonacho ukaja. Nimeona watu waliovuka, wengi wao walivuka kwa sababu hawakuwa na mtu wa kuwarudisha nyuma, na wachache walivuka kwa sababu walimwacha mtu nyuma na hawakugeuka. Sitaki niwe jina la tundu lako. Nimeandika sentensi hii mara mbili kwenye karatasi nyingine nikaichana, na hii ya tatu nimeiacha. Na ninajua utakuja. Ukiambiwa naumwa utapanda basi la kwanza, na kila kitu ulichokusanya kitaishia dirisha la dawa, kwa sababu ndivyo nilivyokulea, na ndivyo bibi yako alivyonilea. Sijui kama hilo ni kosa langu kubwa kuliko yote au ndilo jambo zuri pekee nililofanya. Nimeomba juu yake, sijajibiwa.

Leo mchana, ulipokwenda kuwaaga vijana wenzako, Venansia alipita. Siku hizi anafanya kibarua kwenye lile shamba la chini lililokuwa lake, analipwa kwa siku na msimamizi wa Gervas, na alikuwa na jembe begani. Nikamkaribisha, akakataa kukaa. Editha anakusalimia, ana mtoto wa pili sasa, na kila akiniona hunipigia goti na kuniambia shikamoo kama kwa mama yake mzazi.

Venansia alikuwa amesikia habari ya kazi yako. Alifurahi, Laurent, alifurahi kama wewe ni wa tumbo lake. Akasema Mungu amekuinua. Halafu akasogea karibu, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu, akasema, "Mwambie Raurenti ile miti yangu iliyobaki pale mlangoni imetoa maua vizuri mwaka huu. Akianza kununua, aje kwangu kwanza, kabla hajaenda kwa wengine. Wewe ni mtu wangu, usinisahau."

Nilimwahidi kwamba nitakuambia. Nimekuambia.

Mama yako,
Sesilia